Moshi wa Kupimia

Jina la Mama Ganda halikutoka kwa wazazi wake. Lilitoka kwenye dirisha la kuuzia mikate, siku mteja mmoja alipolalamika kuwa ganda la mkate ni gumu, naye akamjibu bila kuinua macho: "Ganda ndilo mkate, baba. Huko ndani ni hewa tu, nakupa bure." Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita vingine. Hata mumewe alilizoea, akaliona linamfaa kuliko lile la kwenye cheti cha ndoa.

Alianza kazi na kapu kichwani, akipeleka mikate mlango kwa mlango kwa niaba ya mwoka mikate wa mtaani. Miguu yake ilimfundisha mengi kuliko shule. Alijua mlango unaonunua, mlango unaosalimia tu, na mlango unaouliza habari za wazazi wako mpaka mkate upoe halafu useme kesho. Baada ya miaka mitatu aliolewa na mtoto mkubwa wa yule mwoka mikate. Majirani walisema wamependana. Yeye mwenyewe, akiulizwa, alisema alilipenda tanuri, na kijana alikuwa amesimama karibu nalo.

Lilikuwa tanuri la kupendwa kweli: la matofali, tumbo pana kama chumba cha kulala, mdomo wa upinde, na dohani ndefu iliyopitisha moshi juu ya paa. Kuni ziliwashwa humo humo ndani mpaka matofali yaive, makaa yakakokotwa nje, halafu mikate mia tatu ikaingia kulala palipokuwa moto. Mumewe, mtu mnene na mkimya ambaye akisema maneno kumi kwa siku tisa yanakuwa "haya", alikanda unga. Mama Ganda alifanya yote yaliyobaki, pamoja na kusema.

Mama mkwe wake, Mungu amrehemu, alimwachia siri moja ya kazi, na aliirithi kama watu wanavyorithi kitanda: bila kuchungulia uvunguni. Kila jioni, kabla ya kufunga, ndoo mbili za maji humwagwa juu ya kuni za kesho. "Kuni kavu ni walafi," alikuwa akisema yule mama. "Zinakula moto wote wenyewe. Zilowe kidogo ndipo zikae." Basi kwa miaka ishirini na miwili Mama Ganda alizilowesha, nazo zikakaa. Zikakaa zikifuka, zikitoa machozi, zikitema povu kwenye ncha kama ng'ombe mgonjwa, na dohani ikimwaga moshi mweusi uliopanda kidogo, ukafikiri, halafu ukashukia zahanati ya jirani.

Wahenga walisema penye moshi pana moto. Kwa Mama Ganda, penye moshi palikuwa na maji. Lakini hilo alikuwa hajalijua bado, wala mtaa mzima ulikuwa haujalijua, ingawa mtaa ulikuwa umeunda kamati.

Na kamati yenyewe haikuwa ndogo. Iliitwa Kamati ya Nishati Safi na Mazingira Endelevu, na ilikuwa na miezi kumi na minne tangu ianze kujadili moshi wa tanuri moja. Mwenyekiti wake alikuwa mstaafu mmoja aliyeamini kuwa jambo halijatokea mpaka lisomwe kwa sauti. Katibu alikuwa shemeji yake Mama Ganda, mdogo wa mumewe, mtu aliyewahi kufanya kazi ya kupokea barua ofisini na hakuwahi kupona. Alipenda muhtasari wa kikao kama watu wengine wanavyopenda supu. Wajumbe waligawanyika makundi matatu. Wa gesi waliwaambia wa umeme kuwa umeme hukatika. Wa umeme waliwaambia wa jua kuwa jua huchwa. Wa jua waliwaambia wote kwamba hawana maono. Walikutana kila Jumamosi mchana kwenye ukumbi ulio ng'ambo ya barabara, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya moshi. Katika miezi yote hiyo kumi na minne hakuna mjumbe hata mmoja aliyevuka barabara, hatua arobaini tu, akainama akatazama ndani ya tanuri.

Skonzi za kunywea chai, hata hivyo, ziliivuka barabara kila Jumamosi, thelathini kwa hesabu. Na kikao kikuu cha kumaliza mwaka kilipofika wakaagiza mia mbili. Tanuri likawashwa mara mbili, moshi ukatoka mara mbili, na kikao kikapitisha kwa kauli moja azimio la kusikitishwa na ongezeko la ghafla la moshi.

Mama Ganda alihudhuria mara moja tu. Alisikiliza saa mbili nzima, akanyoosha mkono.

"Nauliza hivi," alisema. "Jumatatu asubuhi, nikiamka, mnataka nifanye nini?"

Mtu mmoja akakohoa. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Swali zuri sana hilo," alisema. "Katibu, liandike."

Likaandikwa. Mpaka leo limeandikwa.

Kisha akaja Bwana Afya. Huyu alikuwa mpya, amehamishiwa kwenye kata mwezi huo huo, kijana mkavu mwenye pikipiki na faili la plastiki. Hakwenda ukumbini. Aliingia uani, akatazama dohani, akapitisha kidole kwenye dirisha la zahanati, akakinyanyua kikiwa cheusi mpaka kwenye fundo.

"Mama, wagonjwa wa kifua wanalala nyuma ya ukuta huu. Siku thelathini. Nikirudi nikakuta moshi wa namna hii, tanuri nalifunga. Nalipiga lakiri, na silifungui."

"Tisini," alisema Mama Ganda.

"Thelathini."

"Sitini, na kila ukipita una mkate wa moto."

"Mkate sitaki. Na hii si bei ya nyanya, Mama. Thelathini."

"Arobaini na tano, tumalizane kiungwana."

"Ukiendelea zitakuwa ishirini."

"Thelathini zinatosha kabisa," alisema Mama Ganda, na kumsindikiza mpaka kwenye pikipiki.

Alicheka mbele yake, lakini aliporudi ndani alikaa kwenye gunia la unga, kitu ambacho hakuwahi kukifanya saa za kazi. Tanuri likifungwa hana kazi nyingine. Ana miaka arobaini na sita, mume anayejua kukanda tu, watoto wawili bado wako shule, na mikono ambayo haijawahi kukamata kitu kingine zaidi ya kapu na mkate. Jioni akamtafuta shemeji yake.

"Shemeji, nina siku thelathini. Ninyi mmefikia wapi?"

"Tuko pazuri, shemeji, usiwe na wasiwasi," Katibu alisema, akifungua daftari. "Tumemaliza awamu ya pili. Sasa tunaingia upembuzi wa awali."

"Wa awali? Baada ya miezi kumi na minne?"

"Ile ya mwanzo ilikuwa maandalizi ya awali."

Mama Ganda akamtazama kama anavyoutazama unga uliokataa kuumuka, akaondoka.

Kilichomsaidia hakikutoka kwenye daftari la mtu. Siku ya tano maji ya bomba yalikatika mtaa mzima, yakakaa siku nne. Aliyokuwa nayo kwenye mapipa yalitosha unga na kunawa mikono, basi. Kumwagia kuni maji ya kukandia mkate? Hata mkwewe angefufuka kumkataza. Kuni zikalala kavu, jua likazichapa uani siku hadi siku.

Siku ya nne ya kukosa maji aliingiza mikate kama kawaida, akaitoa kwa saa ile ile ya kawaida, ikatoka myeusi. Trei nzima ya kwanza ilikuwa makaa yenye umbo la mkate.

"Nani kagusa moto wangu?" alipiga kelele.

"Hakuna," alisema mumewe, na akiisha kusema hivyo akawa amekula theluthi ya maneno yake ya asubuhi.

Akatoka uani akiwa na hasira, akitafuta wa kumlaumu. Juu ya ukuta wa zahanati kulikuwa na kichwa cha nesi.

"Mama Ganda, kwema huko?" nesi aliuliza kwa sauti ya pole. "Mmefiwa?"

"Kwema. Tumefiwa na nani?"

"Sijui. Naona kimya. Nikasema leo hawakuoka."

"Kimya gani wakati nagombana na dunia nzima humu ndani?"

"Si kimya cha mdomo, Mama. Moshi. Nimefungua madirisha tangu asubuhi."

Mama Ganda akainua macho. Juu ya dohani hewa ilikuwa inatetemeka kidogo, kama inavyotetemeka juu ya barabara yenye joto. Hapakuwa na kingine. Akatazama kuni. Akatazama ndoo mbili, zimelala kifudifudi siku nne. Akatazama tena dohani. Akaipiga teke ndoo iliyokuwa karibu.

Lakini mtu wa biashara haamini bei ya kwanza. Maji yaliporudi, siku moja akalowesha kuni, siku iliyofuata akaziacha. Akalowesha tena, akaziacha tena. Nesi, bila kujua kwamba ameajiriwa, alikuwa kipimo chake: siku za ndoo madirisha ya zahanati yalifungwa, siku za kuni kavu yalifunguliwa. Na kulikuwa na jambo la pili lililomuuma zaidi ya moshi. Siku za ndoo tanuri lilikula kuni karibu maradufu. Moto ulikuwa unatumia nusu ya nguvu zake kuchemsha maji ambayo yeye mwenyewe alichota, akabeba, akamwaga. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa anapika chai ya kuni.

Akaenda kwa muuza kuni.

"Nataka kavu," alisema.

"Kavu?" Muuza kuni aliweka shoka chini. "Mama Ganda, zitakuishia. Huna habari? Miaka yote nakuletea mbichi, nzito, na hujawahi kunung'unika. Wewe hunung'unika tu mkokoteni usipojaa."

Hilo lilimchoma. Miaka yote hiyo alipigania mkokoteni ujae mpaka watu wakamwogopa, na hakuwahi kuuliza umejaa nini. Lakini uso wake haukuonyesha kitu. Alikuwa ameona rundo la nyuma, kuni za mwaka juzi, za kijivu, zimepasuka ncha.

"Na zile kule?"

"Zile? Takataka. Nyepesi, mtu akizishika anadhani zimeoza. Hakuna anayezitaka."

"Masikini," alisema Mama Ganda. "Zinakuzibia nafasi."

"Sana."

"Mimi ni mteja wako wa siku nyingi. Nitakusaidia kuziondoa. Mikokoteni miwili kwa bei ya mmoja."

"Mama, unaniua."

"Basi zikae. Mvua zikija utapata uyoga, uuze uyoga."

Akamsaidia kuziondoa. Rundo zima.

Baada ya hapo alifanya kazi kama mtu anayezima moto, ingawa alikuwa anauwasha. Kuni akazipasua nyembamba, unene wa kifundo cha mkono. Akazipanga kwa kupishana ili hewa ipite. Akamwita fundi wa vyuma, akamtengenezea mlango wa bati zito wa kuziba mdomo wa tanuri, maana ule upinde mzuri uliomfanya aolewe ulikuwa wazi siku zote ukipasha joto ua na paka. Halafu akagundua, kwa kuweka mkono tu, kwamba saa nane mchana, mikate ikiwa imetoka zamani, tanuri bado lilikuwa na joto la kukausha chochote. Basi kila mchana akazipanga humo kuni za kesho, akafunga mlango, zikalala zikikaukia kwenye joto lililokuwa likipotea bure. Hakulipa jina lolote jambo hilo. Alisema tu, "Joto nimeshalilipia, lifanye kazi mpaka jioni."

Siku ya kumi na tisa mikokoteni minne kwa wiki ilikuwa imeshuka kuwa miwili. Akaona si vibaya kamati ijue. Akavuka barabara zile hatua arobaini, akawaeleza kwa maneno yasiyozidi dakika tatu. Kuni kavu, vipande vyembamba, mlango, joto la mchana. Alipokwisha kusema, akangoja.

Wa gesi wakawatazama wa umeme. Kwa mara ya kwanza tangu kamati iundwe, makundi yote matatu yalikubaliana: hawakupendezwa.

"Tunashukuru kwa mchango," alisema Mwenyekiti. "Ila tuna tatizo dogo la utaratibu. Moshi umeupunguza kabla haujapimwa."

"Ulikuwa unapimwa lini?"

"Awamu ya tatu."

"Sasa si haupo?"

"Ndiyo maana tunasema ni tatizo." Mwenyekiti aliegemea mbele, sauti ya upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini hawezi kula sabuni. "Bila moshi wa kuanzia, tutajuaje umepungua kiasi gani? Kamati inakuomba urudie hali ya zamani. Miezi miwili tu. Tunahitaji moshi wa kupimia."

Mama Ganda akawatazama mmoja mmoja. "Mnataka nimwage maji kwenye kuni."

"Kwa muda."

"Ili moshi utoke."

"Kitaalamu, ndiyo."

"Na Bwana Afya akija siku ya thelathini?"

Hapo Katibu akasimama, akajaa furaha, kwa sababu hilo alikuwa amelifikiria. "Shemeji, nimekwisha kupanga! Siku hiyo hiyo nimealika wageni, wale wa majiko ya msaada. Wakiona moshi kwa macho yao watatoa jiko la umeme. Na Bwana Afya akiona wageni ataongeza muda. Ndege wawili, kikao kimoja."

"Na wasipotoa?"

"Watatoa."

"Lini?"

"Baada ya awamu ya nne."

"Shemeji," alisema Mama Ganda taratibu, "wewe ni ndugu wa mume wangu na nakuheshimu. Ukigusa kuni zangu nitakuoka."

Wajumbe walicheka. Yeye hakucheka.

Ukweli ni kwamba Katibu hakuwa mtu mbaya. Alimpenda kaka yake, aliwapenda watoto wa kaka yake, na aliamini kwa moyo wote kuwa jiko la umeme lenye kibandiko cha wageni lingewafaa kuliko kuni zozote. Kosa lake lilikuwa moja: alishapeleka barua. Katika barua aliandika moshi mzito, mweusi, wa hatari. Na mtu wa barua hawezi kuvumilia dunia isiyofanana na barua yake.

Alfajiri ya siku ya thelathini, Mama Ganda alikuwa anagawanya unga mezani aliposikia maji yakimwagika uani. Si matone. Maji. Akatoka mbio na mikono yenye unga. Katibu alikuwa amesimama katikati ya kuni, suruali imekunjwa mpaka magotini, ndoo mkononi, na nyuma yake ndoo nyingine tupu. Kuni zote, rundo zima la mwaka juzi, zilikuwa zinang'aa kama samaki.

"Shemeji, unafanya nini?"

Alitafuta jibu usoni mwa ndoo. "Na... namwagilia."

"Unatazamia ziote?"

"Ni kwa leo tu, shemeji. Kwa faida yenu. Utakuja kunishukuru."

Mama Ganda hakumpiga. Alimnyang'anya ndoo, akaitundika mahali pake, kisha akaita: "Mzee! Njoo umtoe mdogo wako nje kabla sijasahau kuwa ni mdogo wako."

Mumewe akaja, akamshika ndugu yake bega, akasema "haya", na ile "haya" ilikuwa nzito kuliko zote alizowahi kusema. Katibu akatoka na suruali yake imekunjwa.

Sasa hesabu ilikuwa hivi. Kuni kavu zilizobaki duniani, kwa upande wa Mama Ganda, zilikuwa zile tu alizozilaza ndani ya tanuri jana mchana. Zilitosha kuwasha mara moja. Akiwasha sasa, alfajiri, mikate ya asubuhi itatoka kama kawaida, wateja watashiba, na saa nne, saa aliyotuma taarifa kuwa atafika, Bwana Afya atakuta tanuri halina moto na kuni za kuonyeshwa zimelowa chapachapa. Na yule kijana hakuwa mtu wa kuambiwa "jana lilikuwa halitoi moshi." Akisubiri, mtaa utaamka hauna mkate. Katika maisha yake yote ya biashara hakuwahi kufungua dirisha bila mkate nyuma yake.

"Tunangoja," alimwambia mumewe. "Unga urudishe chini, ukande tena, uanze kuumuka upya."

"Na wateja?"

"Wateja nitawapa mdomo."

Akawapa. Kuanzia saa kumi na mbili alisimama dirishani.

"Mkate hakuna?" mmoja aliuliza, hasadiki.

"Haupo mpaka saa sita."

"Saa sita hiyo si asubuhi, Mama."

"Na mimi si saa. Njoo saa sita."

"Nitaenda kwa mwingine."

"Nenda. Ukikuta ganda, unisalimie." Mdomoni alikuwa mkali, lakini kila mgongo ulioondoka na kapu tupu aliuhesabu, na alijua ni ipi haitarudi.

Saa nne kamili wakafika wote. Bwana Afya na faili lake. Wageni wawili wenye kamera, wamevaa vizibao vyenye mifuko mingi. Mwenyekiti akiwa na hotuba. Katibu akiwa na suruali kavu. Mama Ganda akawaambia wasimame uani, panapoonekana dohani, akaingia ndani na kiberiti.

Moto ukashika. Na kama ulivyo kila moto unapozaliwa, ukatoa pumzi ya kwanza ya kijivu. Ikapanda dohani, ikachungulia juu ya paa. Uso wa Katibu ukang'aa. "Huo hapo!" alisema, karibu aruke. Wageni wakainua kamera. Mwenyekiti akafungua hotuba. Bwana Afya akatazama saa yake ya mkononi, akafungua kalamu, na Mama Ganda, aliyekuwa amechungulia mlangoni, akaiona ile kalamu.

Akarudi ndani. Akaachia mlango wa bati wazi upana wa viganja viwili, moto uvute. Ukavuta. Ukaanza kunguruma, ngurumo ile safi ya kuni zisizo na la kuficha. Nje, ile pumzi ya kijivu ikawa nyembamba, ikakatika, ikaisha. Juu ya paa ikabaki hewa inayotetemeka na mbingu nyuma yake.

Wakangoja. Robo saa. Nusu saa. Mgeni mmoja akashusha kamera, mkono ukiwa umechoka.

"Samahani," alisema, "moshi uko wapi?"

"Huwa upo," alisema Katibu, jasho likimtoka. "Jamani, huwa upo kabisa."

Bwana Afya alikaa saa nzima kwa saa yake. Kisha akavuka mpaka kwenye ukuta wa zahanati, akapitisha kidole dirishani, akakitazama. Akafungua faili na kuanza kujaza fomu. Akasita.

"Hapa pana gesi, pana umeme, pana 'nyingine'. Niandike nini kwenye nyingine?"

"Andika kuni kavu," alisema Mama Ganda.

"Hapo ningeomba tutulie kidogo," Mwenyekiti aliingilia, kidole juu. "Kuni kavu bado hazijapitishwa. Tuna kundi dogo linaangalia ukavu wenyewe, unaanzia wapi, unaishia wapi..."

"Mzee wangu," alisema Bwana Afya bila kuinua kichwa, "mimi nimetumwa kuangalia moshi. Umeuona?"

Mwenyekiti akatazama juu. Akatazama muda mrefu, kama mtu anayeamini kuwa akitazama kwa heshima utatokea. "Kwa sasa hivi..." alianza.

"Haupo," Bwana Afya alisema, akaandika haupo. "Kibali mwaka mmoja. Nitapita bila taarifa, siku nitakayotaka. Nikikuta tofauti, lakiri."

"Miaka miwili," alisema Mama Ganda.

"Mama."

"Mwaka mmoja unatosha kabisa."

Kijana alimkabidhi karatasi, na alipokuwa anafunga faili akasema, nusu kwake mwenyewe, kwamba kuna matanuri mengine matatu kwenye kata, yote kama hili lilivyokuwa, yote siku zake zinakwisha wiki ijayo, na hajui atafanyaje. Wenyewe ni watu wazima, wana familia.

"Wako wapi?" aliuliza Mama Ganda.

Mikate ilitoka saa sita, na si wote walioahidiwa saa sita waliorudi. Alihesabu iliyobaki, akauma meno, akaigawa zahanati kabla haijalala. Wageni waliondoka na picha za dohani isiyofanya kitu, baada ya Mwenyekiti kuwaeleza kwa dakika arobaini jinsi kamati ilivyofika hapo.

Kesho yake mchana, kuni zilizolowa zikiwa zinaanikwa, alichukua kipande kimoja kikavu kwenye kikoba na kwenda kuwatafuta hao watatu. Wa kwanza alikuwa mjane mwenye tanuri dogo. Alisikiliza, akakigonga kile kipande na kipande cha kwake, akasikia tofauti ya mlio, na kabla Mama Ganda hajamaliza akawa amekwisha kuita watu wake waondoe turubai lililofungia unyevu kwenye kuni. Wa pili alibisha, akatukana, akasema hafundishwi kazi na mwanamke wa mtaa wa pili, kisha akauliza huyo fundi wa mlango wa bati anapatikana wapi.

Wa tatu alikuwa mtu mstaarabu kuliko wote. Alimkaribisha ndani, akakipokea kipande cha kuni kwa mikono miwili, akakigeuza, akasema wazo ni zuri sana, ameguswa, na ni jambo la kufanyia kazi. Ila si vizuri kuliamua peke yake. Ataita watu wachache wenye busara, wakae, walitazame kwa upana wake.

"Una siku ngapi?" aliuliza Mama Ganda.

"Sita."

Alikifunga kikoba chake. Alikuwa na unga nyumbani unaoumuka, na unga haungoji mtu. Akamuaga vizuri, kwa adabu, akatoka. Alipogeuka mlangoni, yule bwana alikuwa amekwisha kuanza kuhesabu viti.